Sufuria Moja Uani

Makorora, Jumatatu

Baba Dorkasi mpenzi,

Sisi wazima, wasiwasi wetu ni wewe. Dorkasi sasa anatembea. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa barua hii mtu wa bodaboda anayekuja huko Moa.

Watu wa mradi wa makazi walifika. Nyumba hizi zitavunjwa, na safari hii hata sisi wapangaji tutapewa pa kukaa, kila kaya na nyumba yake ya kodi nafuu. Wakaniuliza, "Unapika na nani?" Nikajibu kwa furaha, "Na Khairiya, yule Mpemba wa chumba cha jirani. Tangu mume wangu aondoke tunakula sufuria moja, mkaa ghali." Kumbe kwao wanaokula pamoja ni kaya moja! Wametuandika nyumba moja, kwa jina la Khairiya, na yeye ana watoto wanne.

Ijumaa wanarudi kuhakiki. Khairiya akasema, "Shoga, tutenge majiko, na wakija tutukanane kidogo waamini." Tukacheka, kisha kila mtu akaingia chumbani kwake.

Leo nimepika peke yangu. Dorkasi akabeba kibakuli chake kwenda kwa Khairiya kama kawaida, nikamrudisha. Alilia sana. Khairiya alifunga mlango.

Njoo kabla ya Ijumaa, mume wangu. Ukiwepo nitawaambia kweli, kwamba tulisaidiana tu kwa kuwa hukuwepo, na watakuona kwa macho. Usipokuja nitamtukana Khairiya mbele za watu ili mwanao apate pa kulala, na nitatukana vizuri.

Wako akupendaye,
Imakulata