Nailoni ya Makochi

Mjukuu wangu Dama,

Shikamoo yako imenifikia huku Likoni, marahaba. Sisi tu wazima, ila goti lamsumbua nyanya yako, na bado ameninunia. Waniuliza kwa nini nilichana nailoni ya makochi mapya uliyotununulia.

Nikiwa kijana, mimi na rafiki yangu Kazungu tulitayarisha mashua ya matanga kwenda Pemba. Tanga tulilishona, kamba tukabadilisha, mitungi ya maji tukajaza. Nahodha akanunua majaketi ya kuokolea maisha, akanikabidhi mimi. Yalikuwa mapya, nami sikutaka yachafuke. Nikayaacha ndani ya nailoni zake, nikayafunga kwa kamba chini ya magunia, kama vyombo vya wageni.

Siku ya pili baharini, wimbi lilimchukua Kazungu. Aliniita kwa jina huku nikihangaika na mafundo niliyoyafunga mwenyewe. Mengine sitaandika.

Nilipolitoa jaketi moja lilikuwa safi kabisa, lanukia duka, na hakuna tena aliyekuwa akiniita.

Nyanya yako asema makochi yatachafuka. Na yachafuke. Ukija Krismasi, uyakalie hata na mchanga miguuni.

Ni mimi babu yako.