Diski Inayogonga, Programu za Waongo, na Sauti ya Baba

Jumapili, Iyunga. Ukungu umekataa kuondoka mlimani mpaka mchana, baridi imeingia kwenye vifundo vya vidole, na mimi nina hasira tangu Alhamisi.

Ninaandika hapa kwa sababu nikifungua mdomo nitamtukana kaka yangu, na Mama yupo jikoni, anasikia kila kitu.

Nianze na diski. Wiki iliyopita kompyuta yetu ya mezani ilianza kugonga kwa ndani, kama mtu anayepiga ulimi kwenye meno. Nikifungua faili, inakaa kwanza inawaza. Nyingine hazifunguki kabisa. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kutupa na kununua nyingine. Kwangu, mle ndani kulikuwa na sauti ya Baba.

Baba alikuwa dalali wa minada ya ng'ombe kule Iringa. Alikuwa hahitaji kipaza sauti. Akisalimia "Kamwene!" upande huu wa uwanja, wafugaji wa upande wa pili wanaitikia. Mwaka jana akaugua kansa ya koo, madaktari wakaondoa zoloto, pale sauti inapotokea. Sasa anapumua kwa tundu la shingoni. Watu wanadhani amebakiwa na sauti ya kukwaruza. Hana sauti kabisa. Anaongea kwa mikono, kwa macho na kwa fimbo yake, na tangu atoke hospitali yeye na Mama wanaishi hapa kwangu.

Kabla ya upasuaji nilimrekodi kwa simu. Alisimulia habari za minada, aliimba, aligomba. Nikahamishia zote kwenye kompyuta. Baadaye simu ikaibiwa stendi.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta programu ya kupima na kutengeneza diski. Sijawahi kukutana na waongo wengi namna ile mahali pamoja.

Kila programu inaanza kwa kukutisha. Unaipakua bure, inazunguka kidogo, halafu skrini yote inakuwa nyekundu: kompyuta yako ina matatizo mamia kwa mamia, iko hatarini, bonyeza hapa ulipie tuiponye. Ya kwanza iliniogopesha kweli. Ya pili ikanipa mashaka. Jumanne nikaichukua ile ya kwanza, nikaiweka kwenye kompyuta ya kazini, kwenye duka la pembejeo ninakofanya kazi. Kompyuta yenyewe bosi ameitoa kwenye boksi juzi, bado ina nailoni kwenye skrini. Nayo ikaambiwa iko mahututi.

Nilicheka kwa hasira, mteja aliyekuja kununua mbegu za viazi akaniuliza kama naumwa.

Basi nikaacha kusoma matangazo, nikasoma watu waliopoteza vitu vyao. Wale hawana cha kuniuzia. Nikaelewa jambo ambalo matangazo yanalificha: diski inayokufa haitengenezwi. Programu ya kutengeneza inaandika juu ya diski, inahamisha vipande vya faili, inafuta inachoona hakieleweki. Kwa diski nzima yenye hitilafu ndogo, sawa. Kwa diski inayogonga, ni sawa na kumkimbiza mgonjwa wa moyo ili uone kama amepona.

Nikachagua mbili tu, zote za bure, zote zenye sura mbaya, maandishi matupu bila rangi. Ya kwanza inasoma taarifa za afya ambazo diski yenyewe inajiwekea, haigusi kitu. Ya pili inanakili diski nzima kwenye diski nyingine: inachukua kwanza sehemu zilizo nzima, kisha inarudi polepole kwenye zile mbovu. Ukishapata nakala, unahangaika na nakala, mgonjwa unamwacha apumzike. Ile ya kwanza ikaniambia ukweli bila kelele: diski hii inakwisha. Nikazima kompyuta, nikachomoa waya, nikasubiri Ijumaa nipate diski ya nje ya kunakilia.

Nilimwambia kila mtu nyumbani: msiiwashe.

Kaka Lusajo naye nilimwambia, kwa simu. Yeye ni mkubwa wangu na anakaa Mwanjelwa. Hakuna kitu duniani ambacho Kaka hakijui. Akasema ana programu kwenye flashi, ya kulipia lakini imevunjwa kufuli, unabonyeza kitufe kimoja inamaliza yote. Nikamwambia hapana. Akacheka.

"We mdogo wangu, umekuwa fundi lini?"

"Kaka, usiiguse."

"Haya, bibi fundi."

Alhamisi nikarudi kutoka kazini, nikamkuta sebuleni amekaa kwenye kiti changu. Kompyuta inawaka. Mstari wa kijani umefika nusu, haujongei. Kugonga kumekuwa kukwaruza.

Baba alikuwa amesimama karibu naye, fimbo mkononi, jasho usoni, kwenye baridi ile.

Nikauliza kuna nini. Kaka akasema, "Inatengeneza. Ilikuwa inaenda vizuri, umeme ukakatika kidogo, nimeiwasha tena."

"Nilikukataza."

"Nilitaka kukusaidia. Mzee mwenyewe alikuwepo hapa, muulize."

Nikamgeukia Baba. Akaipiga meza kwa fimbo, paa, paa, kisha akaielekeza fimbo kwa Kaka, kisha kwenye waya ukutani. Akarudia. Nikaelewa. Alikuwa amemkataza. Amegonga meza wee, na mwanawe hakugeuka.

"Aa, kumbe?" Kaka akasema. "Nilidhani anataka chai."

Sitasahau sentensi ile.

Mtu aliyekuwa akinyamazisha uwanja mzima wa mnada alisimama nyuma ya mtoto wake, akishindwa kusema neno "acha". Mama alikuwa kanisani. Kaka alikuwa na mashine, na aliisikiliza mashine.

Nikachomoa waya. Nikamwambia Kaka aondoke. Akasema nafanya jambo kubwa kwa kitu kidogo. "Baba mwenyewe mzima, huyu hapa. Mnashukuru nini, uhai au mikanda?" Nikamfungulia mlango. Sikusema kwaheri, na kwetu hilo si jambo dogo.

Ijumaa nikapata diski ya nje. Jirani yangu Mama Salma, mwenye duka la vitambaa, akanipa kompyuta yake nitumie, bila kuniuliza maswali, akaniletea na vitumbua. Nikafungua ile yetu kwa bisibisi, nikatoa diski, nikaiunganisha kwa waya wake, nikaiwasha ile programu mbaya ya sura. Ikafanya kazi jana kutwa na leo asubuhi yote. Hainitishi, hainibembelezi. Inaandika tu imepata nini na imeshindwa wapi. Natamani na watu wangekuwa hivyo.

Leo baada ya ibada nikafungua nakala.

Minada imepotea. Ile rekodi ndefu, anaposimulia alivyouza fahali mmoja kwa ugomvi wa mashemeji wawili, imebaki jina tu, ukiifungua ni ukimya. Nyimbo zimekatikakatika, neno moja, mkwaruzo, neno jingine. Sijui kiasi gani kilikuwa kimeshakufa chenyewe na kiasi gani kimeuawa na Kaka. Sitajua kamwe. Hilo ndilo linalonila.

Faili moja imetoka nzima. Fupi.

Sikujua ni ipi. Baba alikuwa kwenye kochi, blanketi magotini. Nikamwonyesha spika kwa kidole, kama kumuuliza. Akafikiri. Akaitikia kwa kichwa. Nikaongeza sauti na kubonyeza.

Ikatoka sauti yake, nzito, kali, imejaa chumba chote: "We mtoto, unanirekodi kama vile nimeshakufa? Zima hicho! Mama Lusajo! Mama Lusajo, njoo umwambie mwanao!"

Na kutoka jikoni, juu ya mlio wa mafuta, Mama akaitika.

"Abee, Baba Lusajo! Nakuja!"

Akatokea mlangoni na mwiko mkononi, haraka haraka, vile alivyokuwa akitokea siku zote. Akamtazama Baba. Baba akamtazama. Kisha mabega ya Baba yakaanza kutikisika, na kwenye tundu la shingo hewa ikatoka fu, fu, fu. Anacheka hivyo siku hizi. Mama akaketi chini palepale mlangoni, akajifunika uso kwa khanga.

Vitunguu vimeungua. Hakuna aliyejali.

Nimeshaweka nakala tatu, moja itakwenda Iringa kwa shangazi kwa basi la kesho. Kaka amepiga simu, akapiga tena. Sijapokea. Baba aliona jina lake kwenye simu, akageuza uso dirishani, kwa hiyo hata yeye bado.

Nitamsamehe, ni kaka yangu. Lini, sijui. Nitaandika baadaye, Mama ananiita sebuleni. Anataka nirudie pale anapoitwa.