Mama Achagua Mlima

Januari 9

Mama mpenzi,

Hujambo huko Rosenheim? Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila ng'ombe mmoja anakohoa.

Nimesikia kwa watu, si kwako, kwamba uzeeni umetamani kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa ubao, tena kwa mdogo wangu Afra! Mimi binti yako mkubwa, mwalimu wa ski miaka yote hii, sina mlima? Kwake huko ni juu mno, na vijana anaowafundisha wana kelele. Kwangu ni tambarare kama meza, kila mwanagenzi huanzia hapa. Ndiyo, naona wivu. Njoo kwangu.

Mwanao, Vroni

Januari 20

Vroni mwanangu,

Nimefika nyumbani salama, asante kwa supu ya madonge ya mkate. Mimi sijambo, makalio ndiyo yanalalamika.

Mwanangu, tambarare ni ya nyie wa ski, wenye vibao viwili na fimbo za kujisukumia. Mwenye ubao kafungwa miguu yote miwili. Mteremko ukiisha, anasimama kama kigingi. Uliniona nikirukaruka kama chura, wazee waliokaa baa pale kando wakanipigia makofi! Na ile kamba ya kupandishia watu iliniangusha kila nilipoishika. Kwa Afra kuna zulia la mashine linalokupandisha umesimama tu. Jumapili naenda huko. Usininunie.

Mama yako

Januari 24

Mama,

Hali yako siulizi, najua unadekezwa. Afra kakuokea keki ya tufaha? Yake hukauka. Tangu utotoni mimi nasugua sakafu, yeye anabusiwa. Basi, kaa naye.

Vroni

Februari 3

Vroni wangu,

Hujambo? Wajukuu je? Mbona kimya?

Jana nimeshuka mlima mzima bila kuanguka. Afra alilia kwa furaha. Sasa nikwambie: nilipompigia simu mwanzoni, alisema, "Mama, anzia kwa dada. Ukianzia kwangu ataumia." Alijua nitakwama kwako, ila hakusema, asikuvunje moyo. Anauliza kama bado hutaki kuongea naye.

Mama yako

Februari 6

Mama mpenzi,

Salamu, wajukuu hawajambo, na ng'ombe kapona.

Nimesoma barua yako nikalia zizini. Wivu haujaisha, nisikudanganye. Jumamosi nakuja. Mwambie Afra aniazime ubao na anifundishe mwenyewe, na asinicheke. Haya, acheke.

Ila kile kiti cha kwenye waya cha kupandia mlima huko kwake kinabeba watu wawili tu. Utakaa na mimi.

Mwanao, Vroni