Miji Minne Kabla ya Vienna

Mama Athumani,

Nimerudi. Nilifika Likawage juzi, nimekaa juu ya magunia ya chumvi nyuma ya lori, na kabla hata ya kunawa uso nilikuja kaburini kukusalimia. Nikasimama pale kama mjinga, maneno yamenikauka. Ndiyo maana nakuandikia. Wewe mwenyewe ulisema barua ni nzuri kwa sababu mtu anasema mpaka mwisho bila kukatizwa, na mimi nimekukatiza maisha yako yote.

Nilikwenda, Hawa. Nilizipanda treni zote ulizozipanga. Nilikaa upande wa dirisha kama ulivyotaka kukaa wewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania? "Nimeolewa na mtu wa reli, reli yenyewe sijaipanda." Na ilikuwa kweli. Miaka ile ya reli ya mashamba ya karanga kazi yangu ilikuwa kushika bendera, ya kijani na nyekundu, na gari moshi lilikuwa la mizigo. Nilikuahidi nitamwomba dereva akupandishe hata mara moja tu. Leo, kesho, leo, kesho. Kisha Uhuru ukaja, reli ikang'olewa, vyuma vikapakiwa melini, tukarudi kwenu kulima mikorosho. Hukunilaumu. Ulinitania tu, na mimi nilijua ndani ya utani kuna nini.

Halafu tukahamia kijiji cha ujamaa, ukajiandikisha kisomo cha watu wazima. Nilicheka. Ulikuwa unashika kalamu kama unashika mchi. Lakini barua ya Athumani ilipokuja kutoka Vienna, ukaninyang'anya, ukaisoma wewe, kwa sauti, silabi kwa silabi. Kwamba anakaribia kumaliza masomo yake ya uhandisi. Kwamba amefanya kazi likizo mbili atununulie tiketi za ndege tukamwone akipokea cheti. Ndege itatufikisha Roma, na kutoka Roma kuna treni inayokwenda Vienna moja kwa moja, tunalala humo na asubuhi tumefika.

"Sitaki hiyo," ulisema.

Nikakuuliza, tuzunguke kwa nini na mtoto anatusubiri?

"Nimeingoja treni tangu nilipokuwa mwari. Ukinipandisha, nipandishe nishibe."

Mimi nikaamini ni hilo tu.

Athumani akatuletea kwa posta kile kitabu kinene cha ratiba za treni, na miezi ile yote kabla ya mvua nyumba yetu ikawa stesheni. Unatandika mkeka, unapanga punje za choroko: hii Roma, hii Milano, hii Zuriki, hii Munich, na ile nyekundu ya kunde ndiyo Vienna. Saa zao zinaanza katikati ya usiku, zetu zinaanza jua likichomoza, basi ukawa unaandika zote mbili kwenye daftari lako la kisomo, zao kwa kalamu ya wino, zetu kwa penseli, tusije tukafika stesheni treni imeondoka saa sita zilizopita. Pale Munich kitabu kilitupa dakika kumi na mbili kubadilisha treni. Nikasema zinatosha, mimi ni mtu wa reli, najua. Wewe ukanyanyua sanduku, ukatoka nalo mlangoni hadi kisimani na kurudi, mimi nahesabu. "Hazitoshi," ulisema ukihema, "tutapanda inayofuata." Jirani yetu Bi Somoe akachungulia uani akauliza kama tumegombana.

Hata pale Mtanda, Lindi, kwa binti yetu Rehema, tulipokwenda mjini kufuatilia pasipoti, ulitembea na lile daftari kwapani. Wajukuu wakawa wanaimba majina ya miji kama wanaimba mchezo.

Na ule mkutano wa kijiji. Sitausahau. Watu wanasema tumepata wazimu, shamba la pamoja linasubiri palizi na sisi tunakwenda Ulaya kutembea. Mwenyekiti akasimama, tena kwa adabu, akakuuliza, "Bi Hawa, safari hiyo ina faida gani kwa kijiji?" Mimi nilitaka kujibu. Ukanishika kanzu nikae.

"Ndugu mwenyekiti," ulisema, "nyinyi mlituambia kila mtu ajue kusoma. Mimi nimejua. Sasa nataka kwenda kusoma majina ya stesheni. Tukirudi, mume wangu atasimama hapa awaelezeni yote tuliyoyaona, bila kuficha hata moja."

Watu wakacheka, mwenyekiti mwenyewe akacheka, wakatukubalia. Mimi nikawaza, mbona ananiwekea ahadi bila kuniuliza?

Kisha ile homa. Siku sita tu, Hawa. Mvua ilikuwa imeikata barabara, tukakubeba kwa machela mpaka lori lilipokuwa limekwama, na hospitali tulifika ukiwa hujui tena mchana wala usiku. Asubuhi ile ulifumbua macho, ukaniona, ukasema kama mtu mzima na afya yake, "Usizirudishe tiketi." Nikadhani ni homa inasema. Hukusema kingine.

Baada ya arobaini nilimpa Rehema daftari lako akalitupe, nisilione. Akakataa. Akaniambia, "Baba, mama alikuagiza. Wewe unataka kuniambia hukumsikia?" Mtoto wako huyo anajua pa kumshika mtu. Nikafunga sanduku.

Basi nikafika Roma. Athumani alijua nitakuja peke yangu, na jina la hoteli lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, watu wakanielekeza. Asubuhi yake nikawahi stesheni mapema sana, kama ambavyo ungefanya wewe, nikakaa kwenye benchi nikafungua daftari nitazame saa ya treni ya Milano. Tangu ufariki sikuwa nimelifungua. Chini ya saa, kwa penseli, kwa zile herufi zako za mviringo, ulikuwa umeandika:

"Roma. Hapa nimwambie Baba Athumani habari ya mtoto. Nimwambie ameshakula. Asipige kelele mbele za watu."

Nikasoma mara tatu. Mtoto gani? Nikalipekua daftari lote, na nyuma, ndani ya jalada uliloshona kwa uzi, nikaipata barua nyingine ya Athumani, ya kabla ya ile ya tiketi. Hiyo alikuandikia wewe peke yako. Kwamba ameoa huko, bomani, mwanamke wa kwao aitwaye Gerda, Mkristo. Kwamba wana mtoto wa kike, ameshaanza kutembea. "Mwambie baba wewe, mama. Mimi namwogopa."

Hawa! Mwanangu wa kwanza, anaoa bila baba yake, bila mtu wa kumsimamia, bila hata salamu! Na wewe unajua. Unapanga choroko mkekani, unacheka na mimi, na unajua. Nilitaka kurudi siku ileile. Lakini treni ya Milano ilikuwa imeshaingia, na mimi sijawahi katika maisha yangu kuiacha treni iondoke na tiketi ninayo. Nikapanda. Nikakaa dirishani nikaanza kugombana na wewe, kimoyomoyo, mpaka mama mmoja aliyeketi mbele yangu akanipa chungwa. Sijui alidhani nini.

Ndipo nikaelewa. Wewe ulinijua kuliko ninavyojijua. Ulikuwa ukiwaambia watu, hasira ya Baba Athumani ni ya siku nne, siku ya tano anaomba maji ya kunywa kama hakuna lililotokea. Ulipanga Roma uniambie, na kutoka Roma mpaka kwa mtoto ukaniwekea siku nne. Treni ile ya moja kwa moja ingenifikisha kwa Athumani bado nimewaka.

Milano nililala siku mbili kama ulivyopanga, sikuona chochote. Njiani kwenda Zuriki tuliingia kwenye shimo ndani ya mlima, giza tupu, nikasoma dua zote ninazozijua, tukatokea upande wa pili kwenye mwanga na maziwa ya maji ya buluu, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Hawa, ona!" Nikageuka. Pale pembeni yangu palikuwa na koti la mtu. Nililia, nakuambia ukweli. Nililia mbele za watu, kelele ndiyo sikupiga.

Zuriki stesheni nilimwona mzee mmoja mwenye kofia, ameshika kijiti chenye duara la kijani, anaruhusu treni. Nikamwendea, nikamwonyesha kwa mikono: mimi pia, bendera, kwetu Afrika. Akanielewa. Akanipa nishike kile kijiti, akasimama kando yangu mpaka treni yake ikamlazimu kukichukua tena. Tukapeana mikono kwa muda mrefu. Ile jioni, Mama Athumani, nilikula vizuri kwa mara ya kwanza. Nilitoa ile kadi ya "Hatuli nguruwe" aliyotuandikia Athumani kwa Kijerumani, nikaiweka mezani, mhudumu akacheka akaniletea samaki.

Munich ulisema kweli. Dakika kumi na mbili hazitoshi. Stesheni ile ina njia nyingi kuliko vidole vyangu, na nilisimama nikaiangalia ile treni ya kwanza ikiniacha. Sikujali. Nilikuwa na treni yako iliyofuata. Nikakaa, nikaisoma tena barua ya Athumani, na safari hii niliona neno ambalo Roma sikuliona. Alikuwa ameandika "namwogopa" na mbele yake amefuta neno, lakini wino unaonekana. Alikuwa ameandika "nampenda." Kijana mzima anafuta neno kama hilo asije akachekwa na baba yake. Hilo si kosa lake. Nilikaa na hilo mpaka Vienna.

Alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa. Amekonda. Mkewe yuko nyuma yake, mrefu, amejifunga kitambaa kichwani, na mtoto amejificha kwenye sketi. Athumani akaja mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Nikakawia. Nataka ujue kwamba nilikawia. Watu wanapita na masanduku, yeye ameinama, anasubiri, na mimi marahaba yangu sijaitoa. Haikuwa hasira tena. Niliona kisogo chake, kile kisogo ulichokuwa ukikinyoa wewe mwenyewe kwa wembe kila Alhamisi. Hatimaye nikasema, "Marahaba, mwanangu. Mama yako ameniambia yote." Akaanguka kifuani kwangu, akalia mpaka watu wakageuka.

Nikauliza mtoto anaitwa nani.

"Eva, baba. Ndiyo Hawa. Huku wanalitamka hivyo."

Nilimpa korosho. Akatafuna, akakunja uso, akaitema kiganjani mwangu. Tukacheka wote wanne, na baada ya hapo hakuniachia kidole changu hadi nyumbani.

Nilikaa kwao wiki mbili. Athumani alipokea cheti, nikampigia makofi mpaka mikono ikauma, ya kwangu na ya kwako. Gerda alikuwa amekufumia soksi za sufu, jozi mbili, akijua utaona baridi. Alizileta kwa mikono miwili, akaniwekea mapajani, akaondoka haraka kwenda jikoni. Nimempa Rehema. Anasema Lindi na joto lake lote atazivaa tu.

Jana nilisimama mkutanoni, maana ulishaniwekea ahadi. Nikawaeleza miji, milima, shimo lile, yule mzee wa Zuriki. Nikafika Vienna nikataka kuruka. Lakini ulisema bila kuficha hata moja. Nikasema, nina mkwe Mzungu na mjukuu wa kike, ndoa sikuisimamia, lakini ni damu yangu. Nikamsikia Bi Somoe kule nyuma, "Anakuja lini tumwone?" Kisha mwenyekiti akauliza kama wakija watakuja kiangazi, maana masika barabara haipitiki. Basi. Hicho ndicho nilichokiogopa miji minne mizima.

Kuna moja linaniuma. Siku ya kuondoka, Gerda alimwomba Athumani aniulize, yeye aniite nani. Nikajibu, "Mzee inatosha." Athumani akamfasiria, Gerda akaitikia kwa kichwa, akatabasamu kidogo. Wewe usingejibu hivyo. Nililijua hilo kabla ndege haijaacha ardhi.

Nakuahidi hivi. Nikimaliza barua hii naandika nyingine, kwa mkono wangu, kwenda kwa Gerda. Nitamwambia aniite Baba. Nitaianza kwa neno "Mwanangu," na sitalifuta. Na wakija kiangazi nitawaleta kwako wote watatu, kwa miguu yao wenyewe, mpaka hapo ulipolala.

Mungu akukunjulie huko uliko, Hawa. Pumzika, mwenzangu. Hapa nimebaki nayaweka sawa niliyoyaharibu kwa ukali wangu, polepole, kila siku kidogo.

Mimi mumeo,
Baba Athumani, babu yake Eva