Jopo la Majaji wa Ngoma, Buhongwa

Buhongwa, Mwanza.
Jumatatu, 22 Julai 2024.

Mpendwa dada Teodora,

Leo imetimia miaka mitatu na miezi minne tangu nilipopanda lori pale Ludewa, nawe ukanipa mkono bila kulia. Shikamoo dada. Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi hii? Watoto hawajambo? Mahindi yameingia ghalani, au bado mnapukuchua? Mimi ni mzima. Mgongo unauma kama wa mtu anayebeba saruji kila siku, hilo si jipya.

Sikupigi simu kwa sababu chumba changu na cha jirani vimetengwa na mbao tu, na siku hizi sijui nani anasikiliza. Barua hii nampa dereva wa lori la mbao anayerudi Njombe. Ukimsomea mama, isome kwanza peke yako. Kuna mahali utaruka.

Uliniuliza nitakuja lini tujengee kaburi la baba. Jibu limefungwa kwenye jambo la ngoma, kwa hiyo vumilia nikueleze.

Wasukuma wa huku wana vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu. Kila mtu ana upande wake, kama alivyoukuta kwa baba yake. Mavuno yakiisha wanacheza uwanja mmoja, saa ile ile, huku Wagika, kule Wagalu. Hakuna jaji. Watu wanatembea wenyewe kwenda wanakopenda, na upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Aliyeshindwa hana wa kumlaumu, maana utaulaumu vipi umati mzima?

Sasa Madamu Zeenat, binti wa mzee Tayabali mwenye ghala letu la saruji, ameanzisha tuzo. Mshindi atapewa ng'ombe dume na ngao. Ila hataki mambo ya umati. Anataka jopo la majaji watatu, meza, karatasi na alama. Aliwafuata walimu, wakakataa. Akamfuata katekista, akasema ana safari. Ndipo akaniita ofisini nikiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope.

"Alex, wewe si Mgika wala si Mgalu. Nitafutie wengine wawili kama wewe. Mkimaliza, nakupa likizo mwezi mzima."

Dada, likizo nimeiomba mara tatu nikanyimwa. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Nikampata Paulo, fundi cherehani, Mhaya. Nikampata Winnie, Mjaluo wa Rorya, mjane anayeuza dagaa karibu na stendi. Yeye alisitasita. Mimi ndiye niliyembembeleza siku mbili, nikimwambia ni kukaa kitini na kuandika tu. Mashimba, tunayebeba naye mifuko, alicheka sana. "Wenzetu wamepanda vyeo! Jana mpagazi, leo hakimu! Shikamoo mheshimiwa!" Nami nikacheka.

Jumapili ya juzi, si hii ya jana, ilikuwa siku ya majaribio. Meza niliibeba mwenyewe. Jua lilikuwa kali, nikaiweka kwenye kivuli cha ukuta wa shule, na kivuli kilikuwa upande wa Wagalu. Sikuwaza lolote zaidi ya jua.

Ngoma zikaanza. Watu walipoona watu watatu wameinamia karatasi, wakataka kujua tunaandika nini. Wakaja kusimama nyuma yetu, kumi, hamsini, mia. Kwa macho ya Wasukuma wote pale uwanjani, Wagalu wameshinda, na aliyewavutia umati ni mimi na meza yangu.

Wagika wakanyamaza katikati ya wimbo. Ngoma zote kwa pamoja. Manju wao, mzee Chenge, akavuka uwanja polepole mpaka mezani. Hakufoka.

"Mgeni, jina lako kamili?"

"Alexander Haule, mzee."

"Wa wapi?"

"Ludewa."

"Na mama aliyekuzaa anaitwa nani?"

Ninyi mlinifundisha mzee akiuliza ajibiwe. Nikamjibu. Akalirudia jina la mama mara tatu, taratibu, kama mtu anayekariri, akanishukuru, akaondoka. Hapa ndipo usimsomee mama.

Jioni nilimweleza Mashimba. Yeye ni Mgalu, nilidhani atafurahi. Aliacha kula. "Umempa na la mama?" Nikasema ndiyo. Akanawa mikono na ugali ukiwa nusu. Tangu hapo hali na mimi.

Jumatano Paulo hakufungua. Cherehani ameifunika shuka, na kijana wa jirani alimwona ng'ambo ya ziwa, pale Kamanga, akishuka kwenye kivuko na begi moja. Simu yake haiiti.

Winnie naye, dagaa zake hazinunuliwi. Si Wagika, si Wagalu. Wanapita wanamsalimia vizuri, wananunua kwa mama wa pembeni.

Ijumaa asubuhi nilikuta udongo mbele ya mlango wangu umechotwa. Si shimo la mbwa. Ni unyayo mmoja wa mguu wangu wa kulia, umekatwa pembe nne kwa jembe, umeondoka mzima. Mimi ni Mkristo, na niliishia darasa la tano, lakini sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nilipita juu yake nikaenda kazini.

Nimewaomba watu tisa wachukue kiti cha Paulo. Kila mmoja anauliza majaji wengine ni nani. Nikitaja jina langu, anakumbuka shamba lake. Nikamwomba Madamu aache umati uamue kama zamani. Akasema kadi zimeshachapwa, meza itakaa katikati, na tukibaki wawili tukatofautiana, neno la mwenyekiti ndilo litakalokata. Mwenyekiti ni mimi. Mashimba aliposikia meza iko katikati, alisema neno moja tu baada ya siku nyingi: "Katikati ndipo wanapogongana."

Jana nilikwenda kwa Winnie nikamwambia asije. Ana watoto wanne, na mimi ndiye niliyemtia humo. Alilia, kisha akanifungia dagaa kwenye gazeti, akakataa kunitazama. Kwa hiyo Jumamosi nitakaa pale peke yangu, na jina litakalotajwa litatoka mdomoni mwangu. Nikikimbia kama Paulo, sina likizo wala kazi, na baba ataendelea kulala chini ya majani. Nimechoka kukuahidi.

Nisalimie shemeji, shangazi Selina na watoto wote. Mwambie mama nampenda, na ukipata nafasi mwombee misa, useme ni ya afya tu. Mungu awafunike, na mlango wenu aufunge yeye mwenyewe.

Mashindano ni Jumamosi tarehe 27. Basi langu linaondoka Jumapili alfajiri, Jumatatu nitalala Njombe. Nitegemeeni Ludewa Jumanne tarehe 30, kabla ya jua kuzama. Jumatano ikifika hamjaniona, usipige simu yangu. Mpigie Winnie, namba nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mdogo wako asiyekusahau,
Alexander