Picha Nilizozikata Upande wa Chini

Kisii Mjini,
Ijumaa, baada ya swala

Dada yangu Mwanaisha,

Assalamu alaikum. Hujambo, na mama hajambo? Namtanguliza mama kwa sababu barua yako nimeisoma mpaka imelegea mikunjo, nikitafuta kama umeniandikia ukweli wote kuhusu macho yake au umenipunguzia. Nakujua wewe kwa kupunguza. Uliposhikwa na surua ulituambia ni vipele vya joto. Basi safari hii niandikie kamili: jicho la kushoto limekwisha kabisa, au bado linatambua mwanga? Anafika kisimani mwenyewe, au anashikwa mkono?

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya huku bado hatujapatana. Nalala na koti, na asubuhi lori linakataa kuamka kama mimi. Mvua inakuja kila siku alasiri, haikosei, na ikishanyesha barabara ya Nyamira hufungwa kwa gogo mpaka udongo ukauke, maana ule udongo mwekundu ukilowa lori linateleza kama sabuni. Hapo dereva hana la kufanya ila kungoja. Utingo wangu Makori, mzee mwenyeji wa huku, hujifunika turubai juu ya magunia ya mahindi akakoroma. Mimi kusinzia siwezi, basi hushuka nikatembea kandokando ya barabara.

Nilikwisha kukuambia kwamba hapa watu ni wema lakini hawana haja nami. Kikwao, yaani Ekegusii, nikijaribu kukisema wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha wanaendelea na mazungumzo yao. Msikitini tunasalimiana vizuri, kila mtu anarudi dukani kwake. Jina langu sijalisikia likitajwa tangu mwezi ule nilipofika. Hapa naitwa Dereva tu. Nakuambia haya wewe, mama usimsomee.

Sasa yale ya picha ninazomtumia mama. Umeniandikia kwamba mama alizisogeza karibu na pua, akazigeuzageuza, akasema, "Mwanangu ananiletea viatu vya watu na masufuria yaliyotoboka. Yeye mwenyewe yuko wapi?" Ukaongeza kwamba dresa wa zahanati amesema jicho la kulia nalo haliko mbali, na mama anataka kuniona kabla halijafunga. Ukaniuliza pia kwa nini picha zangu ni fupi, kana kwamba zimegugunwa na panya upande mmoja.

Dada, maneno hayo yaliniuma. Kuja nitakuja, tajiri amekubali kunipa ruhusa mahindi yakiisha, lakini jicho halijui mambo ya ruhusa.

Nikueleze kwanza kwa nini viatu vya watu. Siku ya kwanza ilikuwa kiatu kimoja cha tairi, karibu na Kebirigo, kwenye njia hiyo ya Nyamira, kimelala chali mferejini kimejaa maji ya mvua. Kamera ya sanduku nilikuwa nimeinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao, na filamu ilikuwemo bado, sijui niipige nini. Nikakitazama kile kiatu nikawaza: huyu mtu alifikaje nyumbani na mguu mmoja mtupu? Alikasirika akakitupa, au hakujua kimeanguka? Nilikaa naye nusu ya ile mvua, huyo mtu nisiyemjua, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku sikujiona peke yangu. Nikakipiga picha. Tangu hapo nikawa natafuta: jembe lililolika mpaka limebaki kama kijiko, mwavuli uliobaki mbavu, kikombe cha bati kilichozibwa na kuzibwa tena hata mwenyewe akachoka nacho. Kila kimoja kina mtu wake. Nikivipiga naona kama nimebisha hodi nyumba fulani nikaitikiwa. Cheka ukitaka, lakini ndiyo starehe niliyonayo.

Na uso wangu je? Hapa Kisii hakuna mpiga picha, filamu zangu hupelekwa kusafishwa Kisumu na lori jingine, mimi njia yangu ni hii ya Nyamira. Nilimpa Makori kamera anipige. Akasema, "Simama hapo Dereva, bono nimekushika sawasawa." Bono kwao ni sasa. Picha ikarudi ina tumbo langu na gurudumu la mbele. Nikampa tena, akatikisika, nikatoka nyuso tatu na hakuna hata moja unayoweza kuibusu. Baadaye nikaacha kumwomba. Kusema kweli niliona haya, mtu mzima kumwomba mwenziwe amtazame.

Basi sikiliza yaliyotokea. Majuma machache nyuma, mvua imetufungia tena upande huu wa Kebirigo, niliona chungu kikubwa mferejini, kile cha kupikia pombe ya wimbi. Kizima kabisa, hakina hata ufa, kimekalishwa vizuri juu ya majani, mdomo juu, na mirija ya kunywea imelazwa kando yake. Nikashangaa, maana kitu kizima hakitupwi hivyo. Mvua ilipokatika jua likatoka nyuma yangu, nikakipiga.

Nilipoinua kichwa, mama mmoja alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na mzigo wa ndizi. Akautua. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe unafanya nini na chungu yangu?"

Nikasema napiga picha tu. Akasema, "Kitu ya mtu haichukuliwi hivyo. Hiyo sanduku yako imeingiza chungu yangu, imeingiza mkono yangu. Utaenda kuifanyia nini?"

Makori akatoka chini ya turubai mbio, akanivuta pembeni. Akanieleza kwamba huku mtu akiona mgeni anaokota alichokitupa, hata kama ni nywele au kitambaa, anajua anatafutiwa ubaya. Mchawi huanza na kitu kilichogusana na mwili wako. "Na wewe, Dereva," akasema, "watu wanakuona siku nyingi unainamia takataka. Wanauliza mimi, huyu Mswahili anatafuta nani?"

Dada, jasho jembamba likanitoka na ile baridi yote. Kumbe wakati mimi najiona nimepata wenzangu, wao walikuwa wananiogopa. Nikamwahidi yule mama, anaitwa Mama Kerubo, kwamba picha ikirudi nitamletea aione kabla ya mtu mwingine yeyote. Akasema atangoja, na kwamba lori langu analijua.

Bahasha ilipotoka Kisumu sikuifungua. Nikaenda nayo vile vile. Mama Kerubo alikuwa pale pale penye chungu, na wanawake wenzake wawili, na wazee kadhaa waliojifanya wanapita. Nikafungua bahasha mbele yao, nikampa.

Aliitazama muda mrefu. Akanipa habari ya chungu, Makori akimsaidia pale Kiswahili kilipomwishia. Amebatizwa kwa Wasabato, na huko pombe hawaitaki, si kuinywa wala kuipika. Chungu alipewa na mama yake siku aliyoolewa. Wenzake wa kanisani walimwambia akivunje. Mkono ukakataa. Akaja kukiweka hapa, na kila Sabato akienda kusali anapita akikitazama.

Kisha akaweka kidole chini ya picha. "Na hii ni nani?"

Nikasema si mtu, ni uchafu, ni kivuli changu. Kamera hizi inatakiwa jua liwe mgongoni mwako, basi asubuhi na jioni kivuli kinaingia mbele. Nikamwambia kwa kawaida huwa nakikata kwa mkasi, ila leo sikuwahi.

Akawageukia wenzake, akasema nao kwa lugha yao, halafu akaniambia mimi, "Mchawi hawezi kuacha kivuli yake kwa mkono ya mtu. Wewe umechukua chungu yangu, na wewe umeniachia mwili yako. Tumelingana. Buya mono." Maana yake ni vizuri sana. Na wale wazee wakaniamkia, mmoja mmoja, wakanishika mkono. Mmoja akaniuliza jina. Nikalitaja.

Lakini mimi akili ilikuwa imekwisha kwenda kwetu Takaungu. Mwanaisha, nilikitazama kile kivuli kama mara ya kwanza. Viwiko viwili nje, sanduku kifuani, kofia, na bega la kushoto limeshuka, lile lililoteguka nilipoanguka mnazini, ambalo mama alilikanda kwa mafuta ya ufuta mpaka nikalia. Ni mimi. Nilikuwemo katika kila picha niliyompelekea, kwenye kiatu, kwenye jembe, kwenye mwavuli, na kila mara kabla ya kufunga bahasha nilikaa na mkasi nikajikata, nikajitupa, kisha nikamtumia kiatu. Panya uliyemuulizia ni mimi mwenyewe. Usiku ule nililia, sikufichi.

Picha ya chungu ilikuwa moja tu. Nikamwomba Mama Kerubo aniachie nikasafishishe nyingine, yake na yangu. Zimerudi jana. Yake nimempelekea leo asubuhi, ameifunga ndani ya Biblia, na ameniambia nipite siku nyingine ninywe uji wa wimbi, si pombe. Nimekubali. Yetu nimeiweka humu ndani. Sikuigusa kwa mkasi.

Nisalimie shemeji na umwambie koti lake limeniokoa. Nisalimie shangazi msuka mikeka, mwalimu wetu wa chuo, na jirani mpika mahamri, mwambie huku hakuna anayeyajua. Wapwa wangu wabusu wote, hata yule mkorofi.

Sasa la mwisho, na ulifanye kama ninavyokuambia. Picha usiipinde. Mpeleke mama mlangoni asubuhi, jua likiwa upande wake, mkalishe. Uso hatauona, wala mimi sina uso wa kumpa, lakini kivuli ni kikubwa na cheusi, na jicho linalofunga huona cheusi kuliko kingine. Usimwambie ni nini. Mshike kidole umwekee pale chini, ukiburuze taratibu mpaka kwenye lile bega. Kisha ngoja, usimsaidie. Mimi sihitaji barua ndefu, niandikie tu jina alilolitaja.

Ndugu yako,
Athmani