Mwanamke wa Uyoga Mwenye Macho Yangu

Mwanangu Kabula,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Uko mbali, lakini najua ungeniamkia, maana nilikulea mimi. Barua hii sikuifunga. Katoro nzima na iisome.

Kadi uliyoichora, ya ule mchezo wenu wa viumbe vya kubuni, ilifika. Niliibandika kibandani ninapouza chakula, juu ya sufuria ya maharage. Mwanamke wa uyoga, kofia pana kichwani, kitenge changu cha njano kiunoni, na macho mekundu pyee! Wateja wakiuliza nawajibu, "Huyo ni mimi. Kanichora mwanangu, na watu wanamchezea mpaka nchi za nje." Nilijivuna, sikatai. Nani kazaa kama mimi?

Unakumbuka kichuguu chetu kule Kishapu, mvua za kwanza zikishanyesha? Tulikwenda kimya, umenishika kitenge, majirani wasijue tunachuma wapi. Mara moja tukakuta ng'ombe wamepita juu ya uyoga wote. Ukalia, "Mama, uyoga umekwisha!" Nikakuambia, "Wamekanyaga kofia tu. Mwenyewe yuko chini." Mvua ikarudi, tukarudi, tukajaza ungo. Ulicheka njia nzima.

Sasa sikia. Juzi baba yako mkubwa alikuja kula, akaiona kadi.

"Mama Kabula, macho haya ya nini? Binti yako anautangazia ulimwengu kwamba mama yake mchawi?"

Neno hilo huku kwetu unalijua, limeshazika wanawake kwa wekundu wa macho tu. Watu waliacha kutafuna. Mwiko sikuuachia, mwanangu.

"Shemeji," nikamwambia, "haya ni macho ya moshi. Moshi huohuo umepika ugali unaokula hapo, na mchuzi ulioomba uongezewe."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Akasimama, akaibandua kadi, akaitupa motoni kwenye mafiga. "Mwambie ayafute macho hayo. La sivyo, asikanyage tena mji wa marehemu baba yake!"

Nakuambia mimi: usifute. Hata kidogo usiyapunguze wekundu. Macho haya yamekusomesha, na nikiona aibu kuyatazama kwenye karatasi, kesho nitaona aibu kutoka nayo nje. Wakitaka kunisema, waniseme nikiwa napakua.

Na wewe njoo Krismasi kama ulivyopanga. Mji wa baba yako una mlango, na ndani yake nalala mimi. Atakayekuzuia ataanza na mwiko wangu.

Uliniambia kwenye simu kwamba katika mchezo wenu kiumbe huyo akiuawa, zamu inayofuata wanaota wawili mahali pake. Basi njoo nao wawili. Mmoja nitambandika palepale juu ya sufuria. Wa pili nitampelekea shemeji mwenyewe, na sahani ya ugali, mchuzi nimeshaongeza.

Nakungoja hapa motoni, macho mekundu vilevile,

Mama yako.